Sekunde Arobaini za Mwizi

Kilichoibwa kilikuwa kanda moja ya sauti, na mwenye kanda alikuwa anajiandaa kuifuta jioni ile ile. Sajini Olivera aliposikia hivyo kwenye simu alidhani anataniwa. Alimuuliza mlalamikaji mara mbili, kisha akafunika simu kwa kiganja.

"Afande, kuna mzee kule mtaa wa Capurro kaibiwa kitu alichokuwa anakwenda kukitupa."

"Jina?"

"Abayubá Pintos."

Inspekta Ermelinda Seoane aliweka chini kibuyu chake cha mate. Mate haya si yale ya mdomoni. Ni majani machungu ambayo Montevideo nzima huyanyonya kwa mrija kutwa kucha, polisi wakiwa mstari wa mbele.

"Mzee Tero huyo," alisema. "Chukua koti."

Hakuna aliyezaliwa Capurro asiyemjua Tero. Ndiye yule mwanamuziki wa roki aliyewahi kuwapigia ng'ombe tamasha zima, akawakataza wanadamu kuingia. Ndiye aliyeacha kuuza santuri mwaka themanini na tisa, akazika gitaa lake uani na kulipandia nyanya juu. Siku hizi alikuwa akipiga muziki Jumamosi tu, saa kumi mpaka saa kumi na moja jioni, akiurusha moja kwa moja mtandaoni kutoka nyumbani kwake. Wimbo ukishapigwa, haurudiwi. Kanda ikishatumika, anaipitishia sumaku na kuifuta.

Waliwasili saa kumi na mbili kasorobo. Mzee aliwafungulia akiwa amevaa kiatu cheusi mguu mmoja na ndara mguu wa pili. Koti lake lilishonewa vijiko vya chai, kwa hiyo kila alipogeuka alilia kama kabati la vyombo.

Ukuta wa ukumbini ulikuwa umebandikwa bahasha zaidi ya mia mbili. Upepo ulipoingia mlangoni, zote zilichakarika.

"Hizi barua hujazifungua?" Inspekta aliuliza.

"Barua ikifunguliwa inanyamaza, mwanangu. Ikiwa imefungwa, inaimba."

Olivera alitazama dari ili asicheke.

Jikoni, juu ya meza, palikuwa na sumaku nzito ya chuma. Kando yake palikuwa na boksi tupu la kadibodi, lililoandikwa kwa kalamu ya zamani: *Delia, 1981*.

"Nieleze taratibu," Inspekta alisema. "Saa kumi uko wapi?"

"Hapa hapa. Mashine ya kanda iko kwenye kona ile. Saa kumi na dakika tano nikamrusha Delia hewani. Dakika ya ishirini na tatu nikaitoa kanda, nikaiweka mezani karibu na sumaku."

"Halafu?"

"Nikaenda chumba cha nyuma kupiga kinanda. Nimevaa spika za masikioni, sisikii mlango wala radi. Saa kumi na moja na dakika mbili narudi, meza tupu."

"Mlango ulifungwa?"

"Ulifungwa. Ufunguo uko kwenye chungu cha maua, nje."

"Nani anajua?"

"Wote. Nilishawatangazia hewani, kama kuna anayetaka kuniletea mkate."

Inspekta alivuta pumzi. "Mzee, sahani chafu ikiibwa, mtu haiti polisi. Wewe ulikuwa unaifuta. Umeibiwa nini?"

Vijiko vilinyamaza. Mzee alikaa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza alionekana kweli ana miaka sabini na mitatu.

"Muziki ni chakula," alisema. "Kikishaliwa, sahani inaoshwa. Hiyo ndiyo sheria yangu. Lakini huyu Delia... aliimba nami miezi minane tu. Akafa mwaka themanini na nne. Moyo wangu mimi, daktari kanieleza ukweli. Nikifa na kanda ikabaki, wataiuza sauti yake kama soseji, kwa kilo. Nilitaka watu wamsikie mara moja, kisha apumzike."

"Uliirusha yote?"

"Nusu. Upande wa pili hata mimi sijausikia tangu siku tuliyourekodi. Nilikosa nguvu."

"Ana jamaa?"

"Alikuwa na mume aliyenichukia kama ndui. Baada ya mazishi alihamia kaskazini. Zaidi ya hapo sijui."

Fundi wa alama za vidole alikuja, akapaka unga wake mlangoni na mezani, akapata vidole vya mzee na vya mzee tena. Mwizi alikuwa amevaa glavu, au alikuwa mwangalifu sana. Hakugusa pochi iliyokuwa juu ya friji. Hakugusa magitaa matatu ambayo yangemnunulia gari.

"Huyu alijua anachotaka," Olivera alisema.

"Huyu alikuwa anasikiliza," Inspekta alimjibu.

*

Washabiki wa Tero walikutana kwenye jukwaa la mtandaoni waliloliita Meza ya Tero. Walikuwa arobaini na kitu, na kila Jumamosi kila mmoja alirekodi matangazo yale kwa siri, ingawa mzee alikataza, kisha wiki nzima wakabishana. Mwezi mmoja kabla, mzee alipotangaza kwamba atamrusha Delia na kumfuta, watu watatu walishikilia kumsihi pale mezani asifanye hivyo. Walirudia ombi lao kila siku, hata kwa mstari mmoja tu, mpaka wenzao wakawachoka. Inspekta alianza na hao watatu.

Wa kwanza alikuwa Julio Bentancor, mwenye bucha Las Piedras, mtu mwenye mabega ya fahali na sauti nyembamba.

"Jumamosi saa kumi na nusu ulikuwa wapi?"

"Hapa. Jumamosi, afande! Nchi nzima inataka nyama ya kuchoma. Niliwakatia mbavu watu kumi na wawili, waulize."

"Na ulirekodi?"

"Kwa waya. Kompyuta iko pale, juu ya friza."

"Wenzako wanasema wewe hukata rekodi."

Bentancor akawa mwekundu kuliko nyama yake. "Kikohozi kimoja! Nilikata kikohozi kimoja cha mzee, mwaka elfu mbili na kumi na sita. Watu wale wana kinyongo cha ngamia. Kwao, ukikata hata sekunde, wewe ni mchawi."

Wale wanunuzi kumi na wawili waliulizwa. Wote walisema alikuwapo buchani tangu saa nane.

Wa pili alikuwa Wáshington Iribarne, fundi miwani, mlinzi wa kumbukumbu za Meza. Aliishi na diski mia nane zilizopangwa kwa tarehe, na alimpa Inspekta slipa za kuvaa kabla hajakanyaga zulia.

"Karibu, afande. Ulisikiliza matangazo? Una msimamo gani kuhusu paka?"

"Paka gani?"

"Mwisho wa wimbo wa Delia, dakika ya kumi na saba. Kuna sauti nyembamba. Bentancor anasema ni fidla. Mimi nasema paka. Tumeandika kurasa thelathini na nane."

"Bwana Iribarne, nachunguza wizi."

"Samahani. Ni kwamba fidla haiwezekani kabisa."

Ushahidi wake ulikuwa mzuri na wa kusikitisha. Mtandao wake ulikatika saa kumi na nusu, ukarudi baada ya dakika tatu, naye akakaa kwenye simu nusu saa akiwapigia kelele watu wa kampuni. Simu ya mezani, na kampuni ilikuwa imeyarekodi matusi yake yote.

"Miaka kumi na moja sijakosa hata sekunde," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Dakika tatu, afande! Ikabidi niombeombe. Bentancor akaniletea yake, lakini Bentancor hukata. Basi Chungwa akanihurumia, akanipa ya kwake nzima. Na hapo ndipo tulipogundua jambo kubwa."

"Chungwa ni nani?"

"Chungwa la Salto. Mwanamama, yuko Salto huko, kilomita mia tano. Mstaarabu sana. Haandiki mengi."

Huyo ndiye aliyekuwa wa tatu kwenye orodha.

"Jambo gani kubwa?"

Wáshington alishusha sauti. "Tero anawatumia watu matoleo tofauti. Sikia. Hii ya Bentancor, dakika ya thelathini na moja."

Kutoka kwenye spika kilitoka kinanda, na nyuma yake, kwa mbali, filimbi ndogo iliyopanda ngazi na kushuka.

"Filimbi moja. Sasa hii ya Chungwa."

Rekodi hii ilikuwa na ukungu. Mtu alikuwa ameweka simu mbele ya spika ya kompyuta badala ya kuunganisha waya. Kinanda kilisikika kama kiko ndani ya ndoo. Filimbi ikapanda na kushuka. Muda ukapita. Filimbi ikapanda tena, ikashuka.

"Filimbi mbili!" Wáshington alinong'ona. "Ametengeneza wimbo wa kioo. Wengine tunasikia nusu, Chungwa kapewa yote. Kurasa ishirini, afande, tangu jana tu."

Inspekta alikuwa amesimama. "Irudie."

Aliirudia mara tatu. Mara ya nne, Inspekta aliinama mpaka sikio likagusa spika.

"Sauti ikitoka kwa mzee, inachukua muda gani kukufikia?"

"Sekunde arobaini. Mtambo wake ni wa zamani."

"Na mzee huweka kipaza sauti wapi?"

"Kimoja kwenye kinanda, kingine dirishani. Anapenda mtaa uingie ndani ya muziki."

"Bwana Iribarne, unamjua mnoa visu?"

"Ninamjua. Yule wa baiskeli, anayepuliza kifilimbi chake akipita mitaani ili watu watoe visu..." Wáshington aliitazama spika. Mdomo ulibaki wazi.

"Baba yangu alinoa visu vya Capurro miaka thelathini," Inspekta alisema. "Alikuja kutoka Galisia na jiwe lake la kunolea na kifilimbi. Kila mnoaji ana namna yake ya kupuliza. Huyu hupanda, anakata pumzi, kisha anashuka. Ni mzee Pombo, hupita Capurro kila Jumamosi. Sasa nisikilize mimi. Filimbi ya pili ni ndogo, imetoka kwenye spika pamoja na kinanda. Ya kwanza ni pana. Ina hewa, ina mtaa. Haikutoka kwenye kompyuta. Iliingia dirishani, sekunde arobaini kabla ya ile ya kompyuta."

"Kwa hiyo... si toleo la siri?"

"Si toleo, bwana. Ni dirisha. Na dirisha hilo haliko Salto."

Siku za mwizi ni arobaini, wazee walisema. Za huyu zilikuwa sekunde.

Waliisikiliza rekodi yote, kwa kuwa ilitumwa yote, kama sheria ya Meza inavyotaka. Saa kumi na dakika thelathini mlango ulifungwa karibu na simu. Filimbi zikapita zote mbili, hakuna aliyekohoa wala kusogea. Baada ya dakika nane mlango ukafunguliwa, na mtu akasikika akihema kama aliyepanda ngazi mbio. Kisha kulikuwa na sauti nyingine, ya chini kabisa, ambayo Wáshington alikuwa ameiandika kwenye daftari lake kuwa ni "pumzi za muziki." Alikuwa mwanamke anayelia.

Wáshington alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu. "Mimi ndiye niliyemwomba," alisema. "Dakika tatu tu nilizotaka."

*

Mbele ya nyumba ya Tero, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na nyumba ya wageni ya bi mmoja aitwaye Élida. Hakuhitaji kukumbushwa.

"Mama wa Salto? Mpole huyo. Alitaka chumba cha juu chenye dirisha la barabarani. Alilala usiku wa Ijumaa, Jumamosi jioni akaondoka bila hata kunywa chai niliyomchemshia. Ana kosa gani?"

"Aliandika jina?"

Kitabu kilifunguliwa. *Marisel Cuadro, mshonaji, Salto.* Jina lake halisi, kwa mwandiko safi wa shule.

"Mwizi gani anaandika jina lake?" Olivera alishangaa.

"Asiyejiona mwizi," Inspekta alisema, na hakufurahi hata kidogo.

Salto ilikuwa inachemka. Mbwa walilala katikati ya barabara na hakuna gari lililowaudhi. Marisel Cuadro alifungua mlango akiwa na utepe wa kupimia shingoni, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwembamba, nywele zimefungwa kwa kitambaa. Alipoona kitambulisho hakushtuka. Aliwaonyesha viti.

"Naweza kupata maji baridi, dada?" Inspekta aliuliza.

"Samahani, baridi hayapo. Friji mbovu."

Inspekta alitazama. Waya wa friji ulikuwa umechomolewa na kukunjwa vizuri, kama mtu anavyokunja mkanda wa nguo. Nje ya dirisha, juu ya ukuta wa ua, palikuwa na bakuli lililojaa vidude vile vya rangi vya kubandika kwenye mlango wa friji.

"Friji mbovu tangu lini?"

"Jumapili."

"Na sumaku za mlangoni nazo zimeharibika Jumapili?"

Marisel alivua utepe shingoni, akaukunja, akauweka mezani.

"Ninaogopa sumaku," alisema. "Nilisoma kwamba hata mota ya friji inaweza kuidhuru."

"Iko wapi?"

"Kabatini, ndani ya foronya. Sijaifanyia kitu, afande. Sina hata mashine ya kuisikilizia. Naishika tu."

Olivera alifungua daftari. Inspekta alimwashiria angoje.

"Delia alikuwa nani yako?"

"Mama yangu." Alilisema kwa sauti ya kawaida, ila mikono aliificha chini ya meza. "Alikufa nina miaka mitatu. Baba alichoma kila kitu chake, nguo, barua, kila kitu. Shangazi aliokoa picha moja: mama na kipaza sauti, na huyo mzee nyuma amevaa ndoo kichwani. Sura yake naijua. Sauti yake sikuwa nayo, kabisa. Watu husema, 'sauti ya mama haisahauliki.' Mimi niliisahau."

"Ndiyo maana ulijiunga na Meza."

"Miaka sita. Kila Jumamosi nilirekodi, nikisubiri siku atakayompiga. Muziki wenyewe, afande, kusema kweli..." Aliona haya. "Siupendi. Vile vijiko vinaniumiza kichwa."

Olivera alikohoa. Inspekta hakucheka.

"Jumamosi ulimsikia. Rekodi ulikuwa nayo. Kanda ya nini tena?"

"Alipiga nusu! Nusu nyingine ilikuwa inakwenda kufutwa bila kusikiwa na mtu yeyote duniani. Nilikaa dirishani naona mlango wake. Nilikuja Montevideo ili nimgongee, nimwombe kwa mdomo. Nilishindwa kugonga Ijumaa, nikashindwa Jumamosi asubuhi. Mama alipoanza kuimba nikajua kwamba nikimgongea atakataa. Nikavaa glavu zangu za kushonea hariri, nikatoa ufunguo kwenye chungu."

"Kwa nini ulimtumia Iribarne rekodi?"

"Alikuwa analia. Mtu akikosa dakika, unampa. Ndivyo tulivyo pale mezani."

"Ungeweza kukata ule mlango. Ungekata kilio."

Marisel alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Kukata?"

Inspekta aliandika maelezo yake mwenyewe, kwa mkono wake, neno kwa neno. Alipofika mwisho aliuliza swali ambalo alilibeba tangu Capurro.

"Kabla ya yote haya, ulijaribu kumwandikia yeye mwenyewe?"

"Barua. Siku ile ile aliyotangaza. Nilimwambia mimi ni nani. Nikangoja mwezi mzima." Alifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Hakunijibu."

*

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, Inspekta aliingia kwa Tero akiwa na kielelezo ndani ya foronya na mtuhumiwa nyuma yake. Hakusalimia. Alisimama mbele ya ukuta wa bahasha na kuanza kusoma mihuri ya posta, moja baada ya nyingine, mzee akimzunguka kwa wasiwasi.

"Mwanangu, hizo haziguswi."

"Hii inaguswa." Aliibandua bahasha moja ya rangi ya kaki, muhuri wa Salto, mwandiko safi wa shule. "Fungua."

"Sheria yangu..."

"Mzee, hii imekuimbia mwezi mzima, wewe hukuisikia. Fungua."

Alifungua. Alisoma amesimama, akaketi, akasoma tena. Kisha alimwinulia Marisel uso, akamtazama sana, kama mtu anayetafuta nyumba ya zamani kwenye mtaa uliojengwa upya.

"Una kidevu chake," alisema. "Mimi ni mjinga mzee, binti. Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyeiba."

"Inspekta, niliita polisi kwa ajili ya kanda yangu. Hii si yangu. Andika hivyo."

Aliivua kanda kwenye foronya kwa vidole viwili, akaivisha kwenye mashine, upande wa pili. Olivera alivua kofia bila kuambiwa.

Gitaa lilisikika likikazwa nyuzi. Mwanamke akacheka kicheko kifupi cha puani. Akaanza kuimba, mara ikaja tena ile sauti nyembamba ya dakika ya kumi na saba, sasa karibu kabisa na kipaza sauti, ndefu, yenye hasira. Wimbo ukakatika.

"Nyamaza kidogo, Marisel wangu," Delia alisema. "Mama anamalizia sasa hivi."

Marisel alijishika kwenye meza. Alilia kwa sauti, bila kujificha, na vijiko vya koti la mzee vikawa vinalia naye, maana mzee pia mabega yalikuwa yakimtikisika.

Kanda ilipofika mwisho, mzee aliichukua ile sumaku ya mezani, akatoka nayo mpaka uani, akarudi mikono mitupu. Aliitia kanda kwenye boksi lake na kulisukuma mbele ya Marisel.

"Mashine nayo chukua. Sheria yangu unaijua: kikishaliwa, sahani inaoshwa. Sahani hii ni yako. Utaiosha siku ukishiba."

Inspekta Seoane aliandika: *Mali imepatikana. Mlalamikaji ameondoa malalamiko.* Akaona haitoshi, ila fomu ya polisi haina nafasi ya mengine.

Jioni ile, kwenye Meza ya Tero, ubishi wa paka na fidla ulikuwa umefika ukurasa wa hamsini na mbili. Bentancor alikuwa amemwita Wáshington kiziwi, na Wáshington alikuwa akiandaa jibu, ndipo Chungwa la Salto, asiyeandika mengi, alipoandika mstari mmoja.

"Si paka. Si fidla. Ni mimi."